Kunadi si Kujinadi

Kuna fundisho moja linalohubiriwa siku hizi katika kila semina ya ujasiriamali, nami nalipinga: kwamba mtu mkimya hawezi kuuza mtandaoni mpaka auache ukimya wake. Mkufunzi anasimama mbele na kutuambia: "Wewe ndiye bidhaa. Onyesha uso. Rusha mubashara. Changamka!" Darasa linaitikia. Yule anayebaki kimya nyuma, mwenye mkoba ulioshonwa vizuri kuliko yote iliyoletwa siku hiyo, anaandikwa kuwa hajiamini. Insha hii inamtetea huyo wa nyuma, na humohumo itamwambia maneno machache ambayo huenda asiyapende.

Nitaanzia mahali ninapopajua. Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 katika wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe, mahali ambapo zamani palikuwa gereza la enzi za Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu elfu kumi hadi kumi na mbili. Leo tumepita 50,000. Wengi wetu tumetoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha kisimani na sokoni. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake, yakiwemo ya ajira na ya uhuru wa kutembea. Kwa hiyo kwetu biashara ndogo si jambo la kujifurahisha baada ya masomo. Msaada unapopungua, ndiyo inayonunua mafuta, sabuni na daftari.

Mimi nashona mikoba ya vitenge na begi za shule. Wateja wangu wengi hawako kambini. Wako Lilongwe, na wengine wako mbali zaidi, Mitundu, mji mdogo wa soko ulio kusini mwa Lilongwe, katikati ya wakulima wa mahindi, karanga na tumbaku. Begi zangu hupanda minibasi hadi Lilongwe, hubadilisha minibasi, kisha hufika Mitundu. Mimi sifiki nazo. Watu wa kule hawaujui uso wangu wala sauti yangu. Wanazijua picha na maneno ninayoyaweka WhatsApp. Basi ninapouliza kama mkimya anaweza kutangaza biashara mtandaoni, nauliza kama nitakula.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunacho kifaa cha kulikagua fundisho hili kabla hata ya kufika sokoni. Tazameni kiambishi -ji-. Kunadi ni kutangaza mali mbele ya watu, kama afanyavyo dalali mnadani. Kujinadi ni kujiweka mwenyewe juu ya meza ya mnada. Kutangaza ni kutoa habari. Kujitangaza ni kutaka kutazamwa. Kuuza ni kazi ya heshima. Na kujiuza, kila mtu anajua maana yake. Silabi moja inamgeuza mtenda kuwa ndiye anayetendwa. Mkufunzi anaposema "wewe ndiye bidhaa", ameipenyeza -ji- hiyo kimyakimya, nasi tumeiacha ipite bila kuiuliza inakwenda wapi.

Hoja yangu ni hii: tangazo la biashara ni habari, si tabia. Mteja anataka kujua mambo matano: ni kitu gani, kina ukubwa gani, ni bei gani, kitamfikia lini, na akikuta kasoro atamlalamikia nani. Yote matano huandikika. Hakuna hata moja linalomlazimu muuzaji acheke mbele ya kamera.

Sasa pitieni kurasa za wauzaji wachangamfu mnaotuambia tuwaige. Dakika tatu za muziki, dakika mbili za salamu kwa mashabiki, bidhaa inapita kama umeme, kisha chini kabisa: "Bei njoo inboksi." Kwa nini bei ifichwe? Ili muuzaji akupime kwanza mfuko wako kwa namna unavyouliza. Mwenye simu nzuri ataambiwa bei moja, mwanafunzi ataambiwa nyingine. Huo uchangamfu una kazi yake, nayo ni kumshughulisha mteja asikumbuke kuuliza.

Na hapa kuna jambo ambalo sijawahi kulisikia katika semina yoyote: wateja nao wamo wakimya. Kuna mtu ambaye kumwuliza muuzaji bei ni mzigo kwake, kwa sababu akishauliza anaona haya kuondoka bila kununua. Yuko mama anayetaka begi mbili lakini hataki kuingia katika maongezi ya nusu saa ndipo aambiwe K18,000. Mtu kama huyo akiona bei imeandikwa, ameshavuka kizingiti. Madamu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huko Mitundu, aliiona picha ya begi langu kwa kutumiwa na mwenzake. Ujumbe wake wa kwanza kwangu, kwa Kichewa, haukuwa na swali hata moja: "Achemwali, nataka nne, za rangi ya bluu. Nitumie namba ya kulipia." Maswali yake yote yalikuwa yamekwisha kujibiwa chini ya picha. Mpaka leo hatujawahi kusikilizana sauti, na kila muhula ananiagiza.

Nikumbushe pia kwamba Kichewa changu cha kuandika ni kizuri kuliko cha kusema. Ninapoandika, jirani yangu Mmalawi hunisahihishia neno kabla sijatuma. Katika matangazo mubashara nani atanisahihisha? Katika kambi ambamo mtu mmoja anazungumza Kifuliiru nyumbani, Kiswahili njiani, Kifaransa darasani na Kichewa dukani, kumwambia kila mmoja aongee papo kwa papo mbele ya wageni ni kumchagulia uwanja ulio mbaya kwake kisha kumcheka anaposhindwa.

Wapinzani wangu wana hoja, na sitaipunguza nguvu. Wanasema mtandao umejaa wauzaji. Wanasema Facebook na TikTok huwapandisha wanaotazamwa sana, na kinachotazamwa sana ni video ya mtu anayeongea. Asiyeonekana, wanasema, ni kama hayupo. Hata soko la Lilongwe, wanaongeza, lina wapiga kelele wake, na kelele ina faida.

Najibu kwa cherehani. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa mguu. Nikijitahidi, pamoja na masomo, natoa begi kumi kwa wiki. Nahitaji wanunuzi kumi. Video ikitazamwa na watu elfu kumi walioko Goma, Nairobi na Dar es Salaam, itanisaidia nini, ikiwa minibasi yangu inafika Mitundu? Kutazamwa si kununuliwa. Biashara kubwa yenye ghala inaweza kuhitaji macho ya taifa zima. Fundi mwenye mguu mmoja juu ya kanyagio anahitaji watu mia mbili wanaomwamini, wanaoishi mahali ambapo mzigo wake unafika. Semina zinatufundisha utangazaji wa kampuni za soda, kisha zinashangaa kwa nini haututoshei.

Na kuhusu soko, ndiyo, wapiga kelele wapo. Lakini nendeni mkaangalie wauza nyanya. Yule mama hapigi kelele. Amepanga mafungu yake juu ya gunia, kila fungu na bei yake, na fungu lenyewe linasema: hiki ndicho utakachopata kwa pesa hiyo, hakuna mazungumzo ya siri. Ukilipa, anakuongezea nyanya moja, basela kama Wamalawi wanavyoiita, nawe kesho unarudi kwake. Fungu ni tangazo. Basela ni tangazo. Katika maisha yake yote huenda hajawahi kuitangaza nafsi yake hata siku moja.

Kama mnataka ushahidi wa wasomi, upo. Mwaka 2013 mtafiti wa Marekani, Adam Grant, alichapisha utafiti juu ya wauzaji 340 wa kituo cha kupigia wateja simu. Waliouza zaidi hawakuwa wachangamfu kupindukia. Walikuwa wale wa katikati, wanaojua kusema na wanaojua kunyamaza. Sitaupindisha utafiti huo ili univutie upande wangu: haukusema wakimya ndio mabingwa. Lakini unatosha kuivunja ile imani kwamba kadiri mtu anavyozidi kuchangamka ndivyo anavyozidi kuuza. Na Carl Jung, aliyeueneza mgawanyo huu wa tabia katika kitabu chake cha 1921, alizungumza juu ya nguvu za mtu kuelekea ndani au nje. Hakuuita upande mmoja ugonjwa. Wanaouita ugonjwa ni wanaouza dawa yake.

Kuna hesabu nyingine isiyofanywa semina: bando. Matangazo mubashara ya nusu saa hula bando la muuzaji na la mtazamaji. Mteja wangu wa Mitundu hununua bando la siku moja, na huchaji simu yake dukani kwa malipo. Picha tatu na mistari mitano humfikia kwa gharama ndogo, hubaki katika simu yake, na humfikia jirani yake pia kwa kutumiwa. Video ya mubashara huenda na upepo. Anayemtaka mteja maskini amtazame kwa nusu saa anamtoza kiingilio kabla hajaona bidhaa.

Na lipo jambo zito zaidi. Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warudi Dzaleka. Mei mwaka huohuo polisi walianza kuwakamata katika jiji la Lilongwe, na watu waliokuwa na maduka wakayaacha. Wanafunzi wenzangu wengi ni watoto wa maduka hayo. Mtu aliyepitia hayo, unamwambia kila jioni aonyeshe uso wake, mlango wake na mzigo wake kwa watu asiowajua, na akisita unamwandika kuwa hajiamini? Si kila ukimya ni tabia ya kuzaliwa. Mwingine ni busara ya mtu aliyejifunza kwamba kuonekana kuna gharama. Mkufunzi anayelala mjini na kurudi kambini asubuhi na gari la shirika hana haki ya kuipima busara hiyo kwa alama.

Maana alama zinatolewa, na pesa pia. Katika shindano moja la mitaji midogo, la shirika nisilolitaja, kila mshiriki alipewa dakika tano za kuongea mbele ya majaji. Jirani yangu, fundi ambaye mishono yake mimi mwenyewe naiiga, aliongea dakika mbili akakaa. Mikoba yake ilikuwa mezani. Hakuna jaji aliyeugeuza mkoba hata mmoja nje ndani kuona ulivyoshonwa. Mtaji ulikwenda kwa kijana aliyeahidi kwa sauti nzuri biashara ambayo alikuwa hajaianza. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo lililonifanya niandike: fundisho la "changamka" halibaki kuwa ushauri. Linageuka kipimo cha nani apate cherehani na nani asipate.

Sasa nigeukie upande wangu, kwa sababu nao una uvivu wake. Wakimya tunapenda sana methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tunaitumia kama shuka la kujifunika. Lakini begi zuri lililo ndani ya sanduku chini ya kitanda halijiuzi. Linaliwa na panya. Kizuri hujiuza pale kinapoonekana, na kukionyesha ni kazi ya mwenye nacho. Mkimya anayeacha ujumbe wa mteja siku tatu bila kuujibu hana tofauti na mchangamfu anayeficha bei: wote wawili wamemnyima mteja habari. Mteja akilalamika kwamba mkanda umekatika, sharti umjibu siku hiyohiyo, na ikibidi umpigie simu, hata kama moyo unadunda. Rafiki akiomba mkopo wa tatu kabla ya kulipa wa pili, sharti uandike "hapana". Mtu akikwepa haya na kusema ndivyo alivyoumbwa, huo si ukimya tena, ni utoro.

Kwa hiyo sitetei kujificha. Natetea kazi inayofanywa kwa namna nyingine, na inafundishika kama nyingine yoyote. Piga picha mchana, nje, juu ya mkeka safi. Moja ionyeshe begi zima, moja ndani, moja mshono kwa karibu. Weka daftari kando yake ili mtu aone ukubwa bila kuuliza. Andika bei. Andika siku ya kupeleka mzigo na njia ya kulipa, Airtel Money au Mpamba. Andika saa unazojibu, tuseme saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, na katika saa hizo jibu kweli. Saa nyingine simu ilale. WhatsApp ya biashara, iliyotolewa mwaka 2018, ina mahali pa kupanga bidhaa na bei zake na pa kuweka majibu ya maswali yanayojirudia. Ni kama ilitengenezwa kwa ajili ya watu wasiopenda kurudia maneno. Na mteja akifurahi, mwombe ruhusa uweke picha ya begi likiwa kazini, bila uso wa mtoto. Sifa ikitoka kwake, hulazimiki kujisifu.

Kuna adabu moja ambayo ingetosha kuwa somo zima la utangazaji. Waswahili hupiga hodi mara tatu. Usipoitikiwa, unakwenda zako. Wamalawi nao husema odi, na kwao pia mgeni husubiri akaribishwe. Kutangaza mtandaoni ni kupiga hodi kwenye simu ya mtu. Mwenye haya anajua hili bila kufundishwa: anaweka stetasi yake moja kwa siku, habari kamili, anasubiri. Asiye na haya anaingia kwenye kundi la msiba kuuza viatu. Na hapa tena lugha yetu ni shahidi. Kumwita mtu "mpole" ni kumsifu, na kumwita "asiye na haya" ni kumtukana. Imekuwaje tukiingia darasa la biashara sifa inageuka kasoro, na tusi linageuka ujuzi?

Kuuza kwa maandishi si jambo geni kwa Waswahili. Kanga ni kitambaa kilichobeba maneno, na kwa vizazi kadhaa kimemsemea mvaaji aliyenyamaza. Huko Mombasa, ukoo wa wafanyabiashara wa Kaderdina Hajee Essak ulichapa maneno "Mali ya Abdulla" kwenye kanga zake, na kanga hizo zikasafiri pwani nzima zikiwa zimebeba tangazo lao wenyewe. Mnunuzi hakuhitaji kumwona Abdulla akicheza ngoma. Alihitaji kukisoma kitambaa, kukishika, kukifua mara mbili na kuona kama rangi imebaki. Sisi tunaosoma maneno ya kanga kama fasihi tungepaswa kuwa wa mwisho kuamini kwamba asiyesema kwa kinywa hana la kusema.

Basi nina madai, nayo ni machache. Walimu wangu, mnapotupa zoezi la kutangaza biashara, lipeni tangazo la maandishi alama sawa na la video, na mlisahihishe kwa ukali uleule: je, bei ipo, kipimo kipo, siku ya kupeleka ipo, Kiswahili kimenyooka? Mashirika yanayotoa mitaji yaanze kwa kuishika bidhaa, kisha yasome daftari la mauzo la mwombaji, na hotuba ije mwisho. Wakufunzi waache kumwambia mtu achangamke kabla hawajamwuliza ameuza nini mwezi uliopita na kwa nani.

Nanyi wanafunzi wenzangu mnaopenda kuongea, sina ugomvi nanyi. Vipaji vyenu ni vya kweli, na fundi mkimya akishirikiana na msemaji mwaminifu, wakagawana faida kwa hesabu iliyoandikwa, wote wanakula. Ninachokataa ni mmoja wetu kulazimishwa kuwa mwingine. Ninyi semeni. Sisi tutaandika bei, na ifikapo saa kumi na mbili jioni tutajibu kila ujumbe ulioingia.